Moshi Ulioita Jina

Nekesa alikuwa akimkamua ng'ombe wake nyuma ya nyumba, Kariobangi, pumzi ya mnyama ilipokuja kujikunja kando ya ndoo, ndogo kama paka. Aliisukuma kwa mguu, akaendelea. Tangu mvua zikatike, kila hewa inayoipasha dunia joto ilikuwa ikimrudia aliyeitoa. Moshi wa makaa ulimngoja jirani yake Kavinya mlangoni. Gesi ya matope haikumfuata mtu. Ilibaki mtoni, mahali pake pa siku zote.

Mrefu kuliko yote ulikuwa moshi wa kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Kila asubuhi ulisimama langoni ukipiga hodi, na bawabu, kwa amri ya tajiri mwenye kiwanda, hakufungua. Basi ukazurura mtaani, ukalalia nguo zilizoanikwa, watoto wakakohoa.

Alhamisi akaja Mativo, aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa hewa. Nekesa alimshuku tangu salamu. Mtu huyo alisimama akiupa moshi mgongo, kama mume aliyekutana na mpango wa kando kanisani.

"Mama, hewa hii ni ya asili," alisema. "Inatoka mtoni, inatoka kwenye matope. Na kwa ng'ombe."

"Na ule ulio nyuma yako?"

"Upi?"

"Mativo," moshi ukaita, kwa sauti ya mtu aliyezoea kunywa chai naye.

Mativo akapangusa bega. Hakugeuka.

"Moshi unakujua jina," Nekesa alisema.

"Jina la kawaida tu, mama. Ukambani tuko wengi."

Kavinya, ambaye naye kwao ni Ukambani, akaguna. "Wengi, ndiyo. Lakini wengine wakiitwa huitika."

Jumamosi likaja gari lenye askari. Walisema mifugo ndiyo inayochafua hewa ya mtaa. Nekesa aliing'ang'ania kamba mpaka viganja vikachubuka. Ng'ombe akapakiwa, na pumzi yake ikakimbia nyuma ya gari hadi barabara kuu.

Watoto waliendelea kukohoa. Moshi, ukiwa umechoka kusimama langoni, ukaingia katika banda tupu, ukalala. Nekesa alifikiria kuufukuza, ila hakujua aufukuzie wapi.

"Sogea upande ule," aliuambia, "nipitishe ufagio."

Ukasogea. Ng'ambo ya ukuta wa kiwanda, mafundi walikuwa wakisimamisha bomba la pili la moshi, na Mativo, kofia ya kiwanda kichwani, alikuwa akiwaelekeza.