Vichwa vya Kanisani

Serikali iliacha kumlipia Shekinah chekechea, kwa kuwa kazi ya mama yake, Stéphanie, ya kusuka nywele haikufikisha kipato ambacho mzazi alitakiwa kuwa nacho ndipo asaidiwe.

Mke wa mchungaji akashangaa. "Mbona nusu ya vichwa vya hapa Edmonton umesuka wewe?"

"Ni vya kanisani, Mama. Nitawalipishaje dada zangu?"

Jumapili mke wa mchungaji akavua kilemba mbele ya akina mama, akaonyesha misuko yake ya bure. "Tumemnyonya mwenzetu. Sasa tutalipa, na mtoto tutamlea kwa zamu."

Wakacheka, wakagombania siku.

Kipato kilipofika na msaada wa serikali kurudi, Stéphanie alimvalisha bintiye viatu vya chekechea. Shekinah, ambaye siku zote alijibu kwa Kiingereza, akavivua.

"Sitaki," akasema kwa Kiswahili. "Leo ni zamu ya Mama Aristote."