Ukuta wa Nguo

Dadi wa Morogoro alikuwa muuza nguo, na kama wauza nguo wengi alidhani anawajua watu. Mteja hajafungua kinywa, Dadi ameshajua anataka nguo ya nini. Huyu mwenye haya anatafuta kilemba cha kumpelekea mjomba wa mchumba wake. Yule mwenye macho mekundu anatafuta sanda. Yeye hunyoosha mkono, akapima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akihesabu kwa sauti, kisha akachana. Mkono wake haukuzidisha wala haukupunja, na alijisifu kwa hilo mpaka majirani wakamchoka.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipopamba moto, nguo zikaacha kuja kutoka pwani, na dukani likabaki jora moja tu la merikani. Watu walivaa viraka juu ya viraka, na maiti wengine walizikwa kwa mikeka mitupu. Dadi akalificha jora lake uvunguni, akisema vita vikiisha ndilo litakalomwinua. Mimba ya mkewe Asia ilipofikia mwezi wake, wakafunga safari kwenda kwa mama yake Asia, juu Uluguru, maana mzaliwa wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama. Jora hakuliacha nyuma. Alilizungushia mkeka, akalitia begani.

Walikuwa wameshaipita Bigwa na kuanza kupanda, uchungu ukamshika Asia njiani, mahali peupe pasipo kibanda wala kichaka. Dadi alichanganyikiwa kabisa. Njia ile ilikuwa ya kila mtu, na siku zile ilipitwa sana na askari na wapagazi wao.

Ndipo wakatokea wanawake wakishuka na matenga ya maharage. Mbele yao alikuwa Bibi Felista, mkunga wa Wakatoliki wa mlimani, na msalaba wake mdogo shingoni. Alimtazama Asia mara moja tu, akatua tenga. Hakutoa amri. Wenzake nao wakatua, kila mmoja akafungua nguo yake ya juu, wakasimama duara kumpa Asia mgongo, nguo zimeshikwa pembe kwa pembe juu ya vichwa. Mmoja wao, Mwanaasha, ambaye hakuwa na nguo nyingine ila ile aliyojifunga, alishika pembe za wenzake. Bibi Felista akaingia ndani ya ule ukuta.

Haukupita muda, msafara wa wapagazi ukatokea bondeni, na askari nyuma yao, kiboko mkononi, akiwafokea. Alipoziona zile nguo, sauti ikamkatika. Aligeuza uso kuelekea mlimani, akaupitisha msafara mzima mbali, kwenye miiba, na hakuna aliyetazama nyuma. Dadi hakuwahi kuona kiboko cha Mdachi kikinyamazishwa na vitambaa vilivyochakaa.

Akaziangalia vizuri. Alizijua! Ile kaniki iliyofifia aliipima yeye, ikavaliwa matangani. Ile yenye kiraka begani ilikuwa mkaja wa mama mmoja aliyeoza binti. Ile merikani iliyogeuka rangi ya udongo ilikuwa salio la sanda. Tangu siku alipozipima zilikuwa zimebeba watoto, zimechuja togwa, zimefunga mbegu, zimefuta machozi, na leo zilikuwa nyumba ya mke wake. Dadi akaingiwa na woga, kama mtu aliyejikuta amekanyaga msikitini na viatu.

Sauti ya Bibi Felista ikatoka ndani. "Damu ni nyingi. Baba, lete nguo."

Dadi akafungua mkeka, akashika pindo la jora, na mkono ukafanya ulichozoea. Kiwiko, kidole. "Moja," akasema kwa sauti. "Mbili."

Wanawake wote wakautazama mkono wake.

"Mwanangu," Bibi Felista akauliza, bila hasira, "unampimia nani?"

Aibu ikampiga Dadi hadi masikioni. Kabla hajalitia pindo meno alichane, Mwanaasha alishampa jirani zile pembe, akapenya ndani, akafungua nguo yake ya pekee na kumkabidhi mkunga.

Jua likasogea. Mikono ya wanawake ilichoka, lakini hakuna uliokwenda chini. Hatimaye mtoto akalia, vigelegele vikapaa, na Dadi akalia pia mbele ya watu wote. Alikuwa mtoto wa kike, na mama yake mzima.

Nguo ya Mwanaasha ilizikwa na kondo la nyuma, maana nguo iliyozuia damu ya uzazi hairudi mwilini. Wengine wakachana kila mmoja kipande cha pindo lake kumfunika mtoto, kwa kuwa mwili mchanga huvishwa kilichokwisha kulainika. Kisha wakajifunga nguo zao na kurudia matenga. Mwanaasha peke yake alibaki ameketi nyuma ya Bibi Felista, amekumbatia magoti.

Dadi akageuza uso. "Nikukatie kiasi gani, dada?"

"Cha kunifikisha nyumbani tu, kaka."

Akanyoosha mkono apime, asijue aanzie wapi wala aishie wapi. Basi akalinyanyua jora zima, akaenda kinyumenyume, macho yake mlimani, mpaka alipohisi mikono ya Mwanaasha ikilipokea.