Pikipiki ya Adamu Ilikula Saa Saba

Jumatatu saa tatu asubuhi Safari, kijana wa bodaboda, alifika kwa fundi Zahoro akiisukuma pikipiki yake. Mkono wa klachi ulikuwa umevunjika, na wa breki pia. Alianguka kwenye tope la Jangwani, akaangukia kushoto, klachi ikakatika. Akainuka, akaiinua pikipiki, akamshukuru Mungu, akaangukia kulia.

Zahoro alifanyia kazi kando ya barabara ya Msimbazi. Alikalia kiti cha pikipiki kilichowekwa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Alimwambia Safari kwamba mikono mipya ipo dukani kwa Humoud, ila ya siku hizi ni biskuti. Yeye alikuwa na ya zamani, imara, iliyoshikwa na mtu mstaarabu. Akaichomoa kwenye kopo la maziwa ya unga. Ncha zake zilikuwa zimeviringishwa kipande cha kanga ili vidole visiteleze.

Safari aliuliza ilikuwa ya nani. Zahoro akasema ya sokoni. Kariakoo swali hilo likijibiwa hivyo huwa limekwisha.

Akafungua bolti kwa spana namba kumi, akang'oa vipande vilivyovunjika, akapaka grisi kwenye tundu, akapachika vichwa vya waya. Klachi akaiachia nafasi ndogo, unene wa sarafu, isije ikang'ata mapema. Bolti hakuzikaza sana. Mkono uliokazwa sana ukianguka unavunjika. Uliolegezwa kidogo unageuka tu. Hilo lilimchukua miaka kumi kulijua.

Saa saba mchana Safari alikuwa amempakia mama mmoja aitwaye Maimuna, anayewahi pantoni Magogoni. Mikono ikavuta usukani kushoto, ikaingia Mtaa wa Mchikichi. Mbele ya mlango wa bluu klachi ilijibana, breki ikafuata, taratibu, kama mtu anayejali abiria wake. Safari alijaribu kuiachia. Haikuachia.

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mmoja, Kuruthumu, alitoka na sahani ya wali na maharage. Alikiangalia kile kipande cha kanga, maana alikifunga yeye mwenyewe.

"Leo umechelewa dakika tano," aliiambia pikipiki. Kisha akamwambia Safari, "Karibu, baba. Na mgeni wako."

Maimuna alisema pantoni zipo nyingi. Wakala. Saa nane kasoro robo mikono iliachia, wakaondoka.

Jumanne Safari alirudi hapohapo, na nyuma yake akaja Samson wa Buguruni, ambaye tangi lake la mafuta lilikataa kuupita mlango ule. Jumatano kikaja kioo cha pembeni, na ekzosi. Alhamisi ikaja fremu, na honi ikiwa kwenye bajaji. Kila kimoja kilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na njaa.

Safari alimsimulia Zahoro habari hizo alipopita kujaza upepo. Hakulalamika, isipokuwa pilipili ilikuwa imezidi. Zahoro alisikiliza akiwa ameinamia gurudumu, na hakuinua kichwa.

Alimjua marehemu Adamu. Huyo alikuwa bodaboda aliyekufa kitandani kwa homa, jambo ambalo wenzake walilihesabu kuwa bahati. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alikwenda nyumbani kula. Alipofariki, mkewe Kuruthumu aliingia eda, akakaa ndani miezi minne na siku kumi kama ilivyo desturi. Wiki ya pili ya eda kaka wa marehemu, Ramadhan, alichukua pikipiki ili kuihifadhi. Aliihifadhi mpaka kwa Zahoro.

Pikipiki nzima ina kadi ya umiliki. Kadi ilikuwa chini ya godoro la Kuruthumu. Pikipiki iliyo vipandevipande haina kadi. Kwa hiyo Zahoro aliifungua asubuhi, na kufikia alasiri ilikuwa haipo. Vipande vikaenda madukani. Yeye alipewa kiti na ile mikono kuwa ujira wake. Kuruthumu alipotoka eda aliambiwa imeibiwa.

Ijumaa, saa saba kasoro dakika tatu, kiti kilimwinua Zahoro kutoka kwenye ndoo. Kilipaa usawa wa goti, kikakata kona, kikapisha mkokoteni wa viazi. Wamachinga walisogeza viatu vyao. Mmoja alimkumbusha apite kushoto.

Mlangoni kwa Kuruthumu palikuwa na watu tisa wamekaa mkekani, na sufuria la kuazima, lile la harusi. Mchele uliokuwa ukimtosha wiki ulikuwa unaisha siku hiyo.

"Fundi," Kuruthumu alimuuliza, "vimetimia?"

Zahoro aliangalia. Injini ilikuwepo, fremu ilikuwepo, magurudumu yalikuwa kwa ndugu wawili wa Manzese.

"Bado ufunguo," alisema.

Ramadhan akatokea kwenye kona, akivutwa na mfuko wa suruali. Mfuko ulifika kwanza, yeye akafuata. Alisema alikuwa na nia ya kuja kumjulia hali shemeji yake siku nyingi. Kwa kuwa ndiye mkubwa, alipakuliwa wa kwanza.

Walipokuwa katikati ya kula, Kuruthumu aliingia ndani, akatoka na kadi, akaiweka mkekani kati ya sahani.

"Kadi hii hapa. Pikipiki hii hapa. Fundi huyu hapa. Niungieni, nimpe kijana aendeshe, nami nile kama nyinyi mnavyokula."

Kadi ilipita mkono kwa mkono. Kila mmoja alisoma. Mwenye ekzosi aliifuta grisi kwa shati lake. Walikubaliana wote, bila ubishi, kwamba pikipiki ni ya marehemu na mjane ndiye huyu.

Safari alisema mikono angeitoa sasa hivi, ila angesimamaje kwenye taa za barabarani pale Fire? Samson alisema tangi ana risiti yake, na risiti ni ya halali. Ramadhan alisema mirathi haitaki pupa, inataka kikao cha familia, na akaomba ndimu.

Wakamgeukia Zahoro, kwa sababu aliyefungua ndiye ajuaye pa kuanzia. Zahoro alikuwa amekalia kiti. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na mgongo mbaya. Aliifikiria ile ndoo bila kiti.

"Kiti hufungwa mwisho," alisema. "Tuanze na injini."

Mwenye injini akasema injini haikai hewani, atangulie mwenye fremu. Mwenye fremu akasema yuko tayari, akiona wa mikono ametoa. Safari akasema ameshaeleza.

Saa nane kasoro robo honi ya kwenye bajaji ililia yenyewe mara mbili, kama Adamu alivyokuwa akiaga. Mikono ikaachia. Vipande vyote vikaondoka na watu wao, kila kimoja njia yake. Kuruthumu alirudisha kadi chini ya godoro. Kisha akaosha sahani kumi na moja, akakopa mchele dukani, akaloweka maharage ya kesho.

Kesho yake Zahoro alikwenda na kijiko chake mwenyewe, ili asimsumbue mjane.