Kadi Kumi na Mbili

Mara ya kwanza mjukuu wake alipata nne kati ya kumi na mbili, na mzee huyo, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita, alijiona amepakwa masizi usoni mbele ya watu.

"Si mtihani, Babu," mtafiti alimweleza huku akizirudisha kadi zake kisandukuni. Alikuwa mwanamke mpole wa miaka kama thelathini, mwenye kitambulisho cha wizara kifuani. "Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Tunapima tu."

"Binti yangu, kitu chenye alama ni mtihani."

"Basi tuseme ni kipimo cha homa. Mwenye homa hatumwambii amefeli."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, bila kukubali hata neno moja.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa serikali. Kaya mia tatu zenye watoto wadogo zilikuwa zimeazimwa vishikwambi vyenye katuni na nyimbo, ili ijulikane kama vyombo hivyo vinawajenga watoto au vinawabomoa. Kila siku mlezi aliandika kwenye fomu muda ambao mtoto amekaa mbele ya kioo, na kila baada ya miezi mitatu mtafiti alipita na kadi zake za picha, mtoto azitaje. Aliyeonekana kubaki nyuma kipimo baada ya kipimo alipewa rufaa ya kliniki ya wataalamu wa mazungumzo, na kliniki hiyo haikupokea mtoto aliyekwisha kutimiza miaka minne.

"Wakivuka hapo, nafasi wanapewa wadogo wao," mtafiti alisema. "Na mtoto akishachelewa kusema, Babu, kumrudisha ni kazi kubwa."

Maneno hayo mzee aliyasikia kwa sikio moja. Kichwani mwake ilikuwa ikizunguka ile nne. Alikuwa amesimamia mitihani maisha yake yote, na jicho lake halikusahau karatasi. Alasiri hiyohiyo alinunua daftari la kurasa arobaini na nane na penseli za rangi, akaketi mezani, akazichora kadi zote kwa mpangilio uleule aliouona: mti, kikombe, ndege, kiatu, mlango, samaki, kofia, jua, kijiko, baiskeli, jicho, nyumba. Baiskeli ilimtoa jasho. Aliifuta mara tatu.

Hakuona kosa. Kuiba mtihani ni aibu, kumwandaa mtoto ni wajibu, na asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili, kwa maoni yake, alikwenda shule kukua tu.

Basi kila asubuhi, mama yake mtoto akishatoka kwenda zamu ya kiwandani, mzee aliketi kwenye kiti chake cha mbao, mtoto kwenye kigoda, daftari katikati.

"Haya, mchumba wangu. Mti."

"Mti."

"Kikombe. Kaa wima. Kikombe."

"Kikombe."

Wakimaliza alimpa kishikwambi kuwa zawadi, naye akafungua gazeti lake. Nyumba ilitulia tuli, na mzee aliupenda utulivu huo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Jioni alijaza fomu bila kuficha hata dakika: leo mtoto ametazama kwa saa tano na dakika kumi, kesho kwa saa tano na dakika arobaini. Asije mtu akasema katika nyumba ile kuna uongo.

Mtafiti aliporudi, mtoto alipata kumi. Safari ya tatu alipata kumi na mbili, na ya nne vilevile.

Jirani yake, tarishi mstaafu aliyekuwa akilea mjukuu wa kiume katika utafiti uleule, alikuja kuegemea ukuta wa ua.

"Rula," aliita. Ndilo jina ambalo wanafunzi walimpachika mzee zamani, na tarishi peke yake ndiye aliyethubutu kulitamka mbele yake. "Wako kumi na mbili, wangu tano. Unamlisha nini, kamusi?"

"Mimi namfundisha. Wewe unamwangalia."

"Mimi namwangalia yeye, yeye anaangalia tableti. Kila mtu na kazi yake."

"Kishikwambi."

"Kiite jina lolote, kimenishinda. Hebu nipe siri, usiwe na roho ya korosho."

Mzee alijifanya kusita, kisha akamwazima daftari. Lilirudi baada ya siku mbili, kurasa zimekunjika pembeni.

"Nimelitoa kopi pale dukani," tarishi alisema. "Usinune! Nimewapa majirani wawili tu. Basi, watatu. Wanne, ukimhesabu yule fundi cherehani."

Mzee alimkaripia kwa sauti, lakini moyoni alihisi kengele ya shule imelia tena.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku chache mtoto atimize miaka minne, mzee aliinua macho gazetini akakuta kigoda kitupu na kishikwambi kikiimba peke yake. Mlango wa bafu ulikuwa umefungwa; komeo lilikuwa limeanguka kwa ndani.

"Mchumba! Umo humo?"

Aligonga mlango mara mbili.

"Niitikie basi. Sema, Babu."

Mkono wake ukiwa juu ya ubao, alikumbuka kwamba alikuwa hajaitwa Babu siku nyingi. Alijaribu kuhesabu miezi, ikampotea. Alipokuwa na miaka miwili mtoto yule alikuwa akimwita tangu getini, akidai maji, akidai kubebwa, akimgombeza paka. Siku hizi akitaka maji alimshika babu kidole akamvuta hadi bombani bila neno. Mzee alikuwa ameliita jambo hilo adabu.

"Sema kitu, mama. Sema chochote."

Sauti ilianza kule ndani, nyembamba, isiyo na hofu wala machozi.

"Mti. Kikombe. Ndege. Kiatu. Mlango."

Ililipita neno mlango bila kusita.

"Samaki. Kofia. Jua. Kijiko."

Kisha kikaja kikohozi kikavu, kile alichozoea kukohoa mzee mwenyewe kila walipofika kwenye ile baiskeli yake mbaya.

"Baiskeli. Jicho. Nyumba."

Aling'oa komeo kwa bisibisi. Mtoto alikuwa ameketi sakafuni akitazama viganja vyake, wala hakugeuka.

Jioni binti yake, mama yake mtoto, aliuliza komeo limepatwa na nini.

"Limelegea tu."

"Na huyu, Baba? Nikirudi kazini hanikimbilii tena. Namwita, ni kama naita ukuta. Mtoto mzima kweli huyu?"

"Amepata kumi na mbili," mzee alijibu, na sauti yake mwenyewe ikamkera masikioni.

Alhamisi mtafiti alikuja pamoja na afisa wa wizara, mwanamume mnene mwenye viatu vilivyong'aa kama vioo. Walikaribishwa sebuleni. Mama mtoto alikuwa zamu.

"Mzee, nimekuja kukupa mkono kwa niaba ya wizara," afisa alisema. "Kaya yako inaongoza kwa saa na inaongoza kwa alama. Na mtaa huu wote unaifuata! Watoto wanatazama kuliko mahali pengine popote, na wanafaulu kuliko wote. Ripoti iko kwa mpiga chapa. Tumebakiza kipimo hiki tu, kisha kila chekechea nchini itapata vyombo hivi. Waliokuwa wakitutisha sasa watanyamaza."

Mtafiti aliweka kisanduku mezani, mkono wake ukiwa bado juu ya kifuniko.

"Mti," mtoto alisema.

Hakuwa akikitazama kisanduku. Alikuwa akitazama ukuta. Alikwenda hivyo hadi mwisho, akakohoa pale pa kukohoa, akamaliza kwa nyumba.

"Kumi na mbili!" Afisa alipiga makofi. "Hata hajaulizwa! Andika, dada, andika."

Mtafiti hakuandika. Alifungua kisanduku taratibu, akatoa kadi ya chini kabisa, picha ya nyumba.

"Hii nini, mama?"

"Mti."

Alivua kiatu chake, akakiinua.

"Na hiki?"

"Kikombe."

Kalamu ya mtafiti ilikuwa juu ya fomu, haigusi karatasi.

"Amechoka," afisa alisema, tabasamu likiwa limeanza kumkauka. "Alama za nyuma zinatosha. Weka kumi na mbili, tusiwachoshe wenyeji wetu."

"Babu," mtafiti aliuliza kwa sauti ya chini, "anatimiza miaka minne lini?"

"Jumamosi."

Mzee alimtazama mjukuu wake. Aliona njia mbili mbele yake: jina lake mwenyewe lisifiwe kwenye ripoti ya serikali, au libaki halina sifa yoyote. Aliinuka, magoti yakilia, akafungua droo na kuweka daftari mezani.

"Futa," alisema. "Futa zote isipokuwa ile nne ya kwanza. Zilizobaki ni zangu, mtoto hana hata moja."

"Mzee, unajua unalosema?" Afisa alikuwa amesimama. "Nimekwambia ripoti iko kwa mpiga chapa!"

"Nimesikia. Binti yangu, mwandikie rufaa ya kliniki. Sasa hivi, mbele yangu."

Mtafiti aliiandika, akamkabidhi. "Kesho saa mbili asubuhi muwe mlangoni, Babu. Siwezi kukuahidi kwamba nafasi ipo. Na kama ipo, siwezi kukuahidi kwamba hatujachelewa."

Kisha akalifungua daftari. Alipitia mti, kikombe, ndege, akafika kwenye pembe zilizokunjika, akazilaza kwa kidole.

"Babu, hili daftari limewahi kutoka humu ndani?"

Mzee alifumbua kinywa ajibu. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka ng'ambo ya ukuta, nyumbani kwa tarishi, ilisikika sauti ya mtoto wa kiume, imenyooka kama mstari uliopigwa kwa rula.

"Mti. Kikombe. Ndege."

Mtafiti aligeuza shingo. Mbali zaidi, upande wa kwa fundi cherehani, sauti nyingine ilikuwa tayari imefika kwenye samaki.

Na hapo kwenye kigoda, bila kumtazama mtu, mjukuu wake aliwaitikia: "Kiatu. Mlango."