Mama Mkwe wa Meza ya Kona

Mgawaji wa karata alipomgusa mwenzake begani ili ampokee meza ya kona, kitu cha kwanza alichokiona ni miwani. Miwani mikubwa ya jua, nyeusi tii, imekaa juu ya pua ya mwanamke mtu mzima ndani ya ukumbi usio na hata dirisha moja. Akacheka kimoyomoyo. Watu wa poka nao kwa vituko! Kisha mwenye miwani akapitisha kidole gumba kwenye sarafu zake za plastiki, akizipanga rangi kwa rangi, akizigonga taratibu zikae sawa, na mgawaji kicheko kikamkauka. Kidole kile alikijua. Kilikuwa na makovu ya sindano, na kila asubuhi kilipita kwenye ukingo wa sahani alizoziosha yeye, kuhakikisha zimetakata.

Alikuwa mama mkwe wake.

Haiwezekani, alijiambia. Mama mkwe yuko kwa mdogo wake, anamuuguza. Ameaga asubuhi hii hii, na mgawaji mwenyewe ndiye aliyemfungia supu ya mgonjwa kwenye chupa. Akatupa jicho chini ya kiti. Chupa ile pale, imetulia, kifuniko kimelegezwa. Supu ilikuwa inanywewa, ila si na mgonjwa.

Macho nyuma ya miwani yalitazama wapi, hakuna aliyejua. Nyusi ndizo zilizopanda, zikashuka, na midomo ikabana. Shikamoo ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa mgawaji. Akaimeza. Nyusi za mama mkwe alikuwa amezisoma tangu siku aliyoolewa, na hapo zilisema neno moja tu: nyamaza.

Sasa tusimwonee mama wa watu, maana hakuwa mwongo peke yake. Mgawaji naye, pale nyumbani, alijulikana kuwa anafanya kazi hotelini, upande wa mapokezi. Hoteli ilikuwa ya kweli, na mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wake wa chini. Mapokezi ndiko hakuwahi kukaa hata siku moja. Mumewe, fundi umeme, aliujua ukweli na aliapa kuufunga kifuani, kwa sababu mama yake aliwahi kusema mbele ya ukoo mzima kwamba karata ni kazi ya watu wasiotaka kazi. Kumbe mama mwenyewe, zile Jumamosi alizokuwa akienda kwenye kikundi cha ushonaji, walikuwa wakishona kidogo tu. Vifungo vya mashati viligeuka sarafu, cherehani zikafunikwa, na akina mama wakachapana poka mpaka jioni. Hao wenzake ndio waliomsukuma aende kwenye mchujo wa ukumbi ulio nyuma ya gereji, na huko akashinda kiti cha mashindano makubwa.

Lakini hayo mgawaji aliyajua baadaye. Wakati ule alikuwa anakumbuka maneno ya msimamizi tu. Asubuhi ile msimamizi, mtu mrefu mwenye viatu vinavyolia kila anapokanyaga, aliwakusanya vibarua wote.

"Siku hizi za mwanzo ndizo mtihani wenu," alisema. "Siku ya tatu jioni nitachagua wachache wa kubaki na kazi ya kudumu. Na sikilizeni. Ukimjua mchezaji, awe ndugu, awe jirani, awe mtu uliyegombana naye kisimani, inua mkono kabla karata hazijatoka. Ukificha, tunaagana mlangoni."

Na kazi ile aliitaka, jamani. Aliitaka mpaka alikuwa akiiota, anaamka vidole vinagawa shuka. Kwa hiyo mkono aliutaka uende juu. Uliinuka kidogo. Nyusi za mama mkwe nazo zikainuka kidogo. Mkono ukashuka.

Nitagawa mara hii moja tu, alijipoza, kisha nitaona la kufanya. Akachanganya karata, akazikata, akaanza.

Kila mtu anayecheza poka anajua kwamba karata ya kwanza huenda kwa aliyekaa kushoto kwa kile kidude cheupe kinachozungushwa mezani. Siku ile aliyekaa kushoto alikuwa kijana wa kofia. Mgawaji alilijua hilo hata angeamshwa usingizini. Ila mkono una mazoea yake, na mkono huu ulikuwa umezoea kupakua chakula nyumbani kwa mama mkwe. Karata ya kwanza ikateleza juu ya kitambaa cha kijani mpaka mbele ya miwani. Ya pili ikaenda kwa mzee wa ndevu nyeupe, aliyefuatia kwa umri. Ya tatu ikamwendea mwenye upara.

Kijana wa kofia akaviangalia viganja vyake vitupu.

"Dada," akauliza kwa adabu kabisa, "hapa tunagawiwa kwa umri?"

Meza ikaangua kicheko. Mgawaji akaitazama kazi ya mikono yake, akahisi masikio yanawaka moto. Tayari viatu vilikuwa vinalia nyuma yake.

"Kuna nini?" msimamizi akauliza. Akazitazama zile karata tatu. "Umeanzia huku kwa nini?"

Angeweza kusema amechanganyikiwa. Angeweza kusema taa zimemuumiza macho. Mama mkwe alikuwa amekunja uso mpaka miwani imepanda. Mgawaji akavuta pumzi, akainua mkono juu, kama mtoto darasani.

"Nilitakiwa kuuinua mapema," akasema. "Huyu ni mama mkwe wangu."

Msimamizi akageuka. "Mama, ni kweli?"

"Simjui," akasema mama mkwe, mkavu kabisa. "Huyu binti ndiyo kwanza namwona leo." Akapanga sarafu zake, akaona mgawaji amejikunyata, akashindwa kujizuia. "Na wewe simama wima unapoongea na wakubwa! Nimekwambia mara ngapi?"

Hapo hata meza za jirani ziliacha kucheza. Mzee wa ndevu alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia machozi. "Na mimi je," akauliza, "mimi ni nani yako, mpaka ukanipa ya pili?"

"Wewe ni mkubwa tu, mzee wangu."

"Basi nashukuru. Nyumbani kwangu huwa napewa wa mwisho."

Msimamizi peke yake ndiye hakucheka. Aliamuru karata zirudishwe, akaita mgawaji mwingine. "Wewe nenda meza za kule mwisho," akamwambia. "Kosa nimeliona. Tutaongea siku ya tatu."

Mgawaji akagonga viganja, akavigeuza juu na chini, kama wanavyofanya wote wakiondoka mezani, ili ionekane hakuna walichochukua. Akaenda zake. Simjui! Ameosha vyombo vyake, amemsuka nywele, na leo mama hamjui.

Jioni ile walikaa kula, watatu. Fundi umeme alikuwa na njaa na hamu ya habari.

"Mama mdogo anaendeleaje?"

"Afadhali leo," akajibu mama yake. "Supu ameimaliza yote."

"Alhamdulillah. Na wewe mke wangu, mapokezi kulikuwaje?"

"Wageni wengi," akasema mgawaji, macho kwenye sahani.

"Siku hizi mahoteli yanaajiri tu," mama mkwe akaingilia, akitafuna bila haraka. "Utakuta mhudumu hajui hata amhudumie nani kwanza."

Mgawaji akapaliwa. Mumewe akampiga mgongoni, akamletea maji, akamuuliza kama mchuzi una mifupa. Masikini, hakuwa na habari.

Baadaye jikoni mgawaji alisimama karibu na mlango. Alikuwa anaogopa na alikuwa ameumia, vyote kwa pamoja.

"Mama, nisamehe. Kazi ndiyo inavyotaka. Na kazi yenyewe sijui kama bado ninayo."

Mama mkwe alikuwa anaisuuza ile chupa. Aliisuuza muda mrefu kuliko chupa ilivyohitaji.

"Nilikuwa na wafalme wawili," akasema mwishowe.

"Lini?"

"Baada ya kuondolewa wewe. Karata ya kwanza ya yule mwenzako, mfalme. Ya pili, mfalme. Na wewe ulinipa mbili ya pau." Akamkabidhi chupa. "Kesho nijazie tena. Mgonjwa bado hajapona."

Ilimchukua mgawaji muda kuelewa. Mchezaji akiishiwa sarafu anatoka, harudi tena kesho yake. Bibi huyu anarudi. Hajatolewa! Alilazimika kugeukia ukutani ili asionekane anavyocheka.

Siku ya pili asubuhi waliondoka nyumbani kila mmoja kivyake, wakakutana kituoni, wakajifanya wamekutana kwa bahati. Ukumbini hawakusemezana. Ila habari za ile meza ya kona zilikwisha kuzagaa kwa wagawaji wote, na wagawaji hawana redio inayozidi mabega yao. Kila anayekuja kukupokea anakugusa begani, na hapo hapo, kabla hujainuka, neno moja linapenya.

"Mama yupo," akanong'ona wa kwanza.

"Bi Miwani kapanda," akasema wa pili. Jina hilo walikuwa wameshampa.

"Kashuka kidogo, lakini usijali, anawachekesha."

"Kamtoa kijana wa kofia. Kampa na pole juu."

Mgawaji alikuwa anajibu kwa kugonga viganja tu. Macho hayakutoka kwenye karata, na vile viatu vilipopita nyuma yake vikilia, mgongo ulinyooka wenyewe. Hakukosea tena hata mara moja. Lakini ndani yake kulikuwa na shangwe ya uwanja mzima. Mtu aliyekuwa akimkagulia sahani, sasa yeye mgawaji alikuwa anamwombea apate malkia, apate mfalme, apate chochote. Waliporudi jioni, mama mkwe alisema mgonjwa anaendelea vizuri ajabu, na mwanawe akashukuru kwa moyo wote.

Siku ya tatu ukumbi ulikuwa umepungua. Meza nyingi zilikuwa zimefungwa, viti vimepandishwa, na waliobaki walicheza kwa uzito, kila mtu akiwaza mara mbili. Mchana habari zilikuwa nzuri. Alasiri zikakatika. Kisha kutoka upande wa pili makofi yakasikika, yale marefu wanayopigiwa watu waliopendwa wanapotoka, na mgawaji akajua kabla hajaguswa begani.

"Ametoka," mwenzake akamwambia polepole. "Alikuwa na jozi ya malkia, akaweka sarafu zote. Kapigwa na karata ya mwisho kabisa. Shupaza. Lakini kamkumbatia aliyemtoa, ungemwona!"

Akagonga viganja, akavigeuza, akainuka, na alipogeuka akakuta viatu vimeshasimama mbele yake. Hakuwa amevisikia vikija.

"Mama mkwe wako ametoka," msimamizi akasema.

"Nimesikia."

"Basi hakuna ndugu yako tena mezani. Nenda meza ya kati."

Meza ya kati ndiyo yenye taa na kamera, na kamba nyekundu ya kuwazuia watazamaji. Vibarua hawakuwa wanaigusa, hata kuifuta vumbi. Walioitwa hapo siku hiyo ndio waliobaki na kazi.

"Ya kati?" akauliza, sauti imekuwa nyembamba. "Na lile kosa?"

"Niliona kosa, nikaona na mkono. Nimeshawaona wengi walioficha hata wake zao." Kwa mara ya kwanza tangu mashindano yaanze, msimamizi akacheka. "Wewe ni wetu kuanzia leo. Ila nakuomba, usigawe kwa umri."

Alitembea hadi kwenye zile taa akihisi zulia limekuwa godoro. Alikaa. Akafungua karata, akazitandaza, akazikusanya. Wachezaji walikuwa wanajiweka sawa. Na hapo, katikati ya minong'ono ya watazamaji nyuma ya kamba, akaisikia sauti anayoijua, sauti isiyojua kunong'ona.

"Hapana, si kwa mama mdogo! Mama yako mdogo ni buheri wa afya, hajaumwa hata mafua! Njoo hotelini. Ingia ukumbi wa chini. Acha hizo nyaya, watu watakaa gizani kidogo, hawatakufa. Njoo umwone mkeo."

Mgawaji akainua macho kidogo tu. Mama mkwe alikuwa amejipenyeza mpaka mbele kabisa, kifua kimegusa kamba. Miwani ameipandisha kichwani, macho yako wazi, yamevimba kidogo na yanameremeta. Aliiweka simu mkobani, akamshika mkono mtu wa kando yake asiyemjua kabisa.

"Yule pale mwenye kizibao cheusi. Unamwona? Ni mkwe wangu. Mkwe wangu mimi! Ninakaa naye nyumbani."

"Hongera sana, mama."

"Hebu angalia vidole vile. Angalia, angalia." Akamgeukia wa upande wa pili, akaanza upya. "Unamwona yule?"

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana na kuulizana nani ni nani, mtu mmoja akacheka kwa nguvu, simu ya mwingine ikaita. Mgawaji akakata karata, akazishika kwenye kiganja cha kushoto. Mama mkwe akageuka akaukabili umati wote, akainua kile kidole gumba chenye makovu hadi midomoni, kwa haraka mpaka akasahau kwamba kidole cha kunyamazishia watu ni cha shahada.

"Shii!" akasema. "Nyamazeni. Anagawa."

Wakanyamaza.