Treni ya Alhamisi Kambi Mbao

Alhamisi moja ya mwaka 1979, saa tisa alasiri, Marcelline alikuwa akianika mihogo mbele ya nyumba yake pale Kambi Mbao, mbele kidogo ya Marabo, treni ilipopita. Reli zilikuwa zimeng'olewa miaka mitatu kabla. Mwenye karatasi, yule aliyegawiwa kiwanda cha mbao wazungu waliponyang'anywa, aliuza misumeno, akauza injini, kisha akapakia reli zenyewe kwenye malori ya Bunia. Msitu nao akaufunga: hata fito hakuna ruhusa kukata. Basi treni ikapita juu ya majani, polepole, ikakanyaga mihogo michache. Marcelline akaokota iliyobaki.

Ilikuwa imejaa mbao. Zamani mbao zilitoka msituni kwenda mjini. Sasa kila Alhamisi zilikuwa zinarudi, nyingine zikiwa na misumari, nyingine na alama za penseli mahali watoto wa watu walipopimwa urefu. Dereva alikuwa Vital, aliyekufa kwa homa mwaka 1971. Alikuwa amenenepa kidogo. Watu walimpungia mkono, wakaendelea na kazi zao, maana kanuni ya kampuni waliijua kuliko sala: treni yenye mzigo haisimamishwi. Jamani, miezi saba mizima waliiacha shule yao ipite mbele ya macho yao!

Kwani taabu ilikuwa shule. Denise, mjukuu wa Marcelline, alitoka kila alfajiri kwenda kusoma Marabo, akivuka mto juu ya gogo. Masika yaliyopita mto ulimchukua binti wa Étienne, mnoaji misumeno wa zamani, na tangu hapo Marcelline alikuwa hali kitu mpaka Denise arudi. Padri alikuwa amesema: jengeni shule hapa kabla ya mvua, mwalimu nitaleta. Udongo walikuwa nao. Mbao hawakuwa nazo.

Ni Étienne aliyekumbuka kwamba treni yenye mzigo husimama kwa bendera ya mtu mmoja tu, mlinzi wa bariyeri, pale reli ilipokatiza njia. Katika kitabu cha kampuni mlinzi alikuwa Théodore, marehemu mume wa Marcelline. Lakini Théodore alivunjika mgongo mwaka 1960, na miaka kumi na minne iliyofuata aliyeinua bendera ni mkewe. Kambi nzima ilijua. Kitabu hakikujua.

Alhamisi iliyofuata Marcelline akasimama njiani na kitenge chekundu. Vital akafunga breki, akachungulia.

"Ni weye mulinzi?"

"Ni miye. Tangu zamani ni miye."

"Basi mushushe mbio. Niko na safari."

Walishusha mabehewa manne. Baada ya wiki tatu shule ilikuwa imesimama.

Mwenye karatasi akafika na askari wawili wa jandarme, akasema mbao, msitu na udongo ni mali yake. Akauliza nani alisimamisha treni. Marcelline akajibu ni yeye. Bwana akafungua kitabu, akapitisha kidole.

"Hauko mu kitabu, mama."

"Najua, patron."

Bila mlinzi, treni haikusimama; isiposimama, haikushusha kitu; na mbao ambazo hazikushushwa hazichukuliki. Alikuwa mtu wa karatasi, hakuweza kubishana na karatasi yake. Akaondoka, msitu ukabaki wake. Jina la Marcelline hakuliandika. Marcelline hakumwomba, ingawa lilimuuma, tena sana.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu usiku, mto ukapanda mpaka kwenye migomba. Denise alilala hadi kukapambazuka kabisa. Bibi yake akaketi kitandani akimwangalia, na akala naye viazi vya moto asubuhi ile.