Mama Aliyepunguzwa

Iskra alikuwa ameshabandika tanzia tatu, moja kwenye nguzo ya umeme na mbili ukutani mwa kituo cha basi. Alipofika kwenye ya nne, ya langoni, ndipo alipogundua kwamba mama yake hana kidevu cha pili.

Alirudi nyuma hatua mbili. Karatasi ilikuwa ya kawaida, kama zote zinazobandikwa na Wabulgaria mtu anapofariki: msalaba juu, picha katikati, jina na umri chini yake, kisha majina ya waliofiwa. Donka Veleva, miaka sabini na moja. Jina lilikuwa lake. Nywele zilikuwa zake, na kibanio chake cha rangi ya asali. Lakini Donka alipika miaka thelathini katika jiko la shule, na watoto walikuwa wakishindana nani ataweza kumkumbatia mpaka vidole vikutane mgongoni. Mashavu haya yaliyobonyea hayakuwa yake, wala shingo hii ndefu kama ya bata bukini.

"Amependeza," alisema Bi Rada, jirani, aliyekuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa vitunguu. "Maskini. Kumbe alikuwa amekonda?"

"Hakukonda, Bi Rada. Ulimwona Jumapili."

"Nilimwona, ndiyo." Bi Rada akaisogelea karatasi, akaitazama, akamtazama Iskra. "Basi labda ni mwanga."

Iskra aliibana kona ya karatasi kwa kidole gumba. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba maji hayapotei hivihivi. Kuna mahali yanakwenda. Moyo wa mama ulisimama ghafla, daktari alisema hivyo, na hilo alilikubali. Lakini kidevu hakiondoki chenyewe.

Tanzia zililetwa na mdogo wake, Galina, ndani ya bahasha. Na Galina alikuwa na duka la nguo za kike, na kila picha aliyoiweka simuni ilikuwa na kiuno cha nyigu. Katika moja, mlango uliokuwa nyuma yake ulipinda pamoja na kiuno. Iskra aliiona picha hiyo zamani, akanyamaza. Sasa aliikumbuka.

Mchana ule wanawake wawili walikuja kumwosha na kumvisha maiti. Donka, kama wanawake wa rika lake, alikuwa ameandaa furushi lake mwenyewe na kuliweka juu ya kabati: soksi, viatu vipya, kitambaa cha kichwa, mishumaa, taulo, na gauni la buluu. Gauni halikuingia. Wanawake walitazamana. Kisha mmoja akaomba mkasi, akalipasua mgongoni kutoka shingo hadi pindo, wakamfunika nalo kwa mbele na kuzifutika kingo chini ya mwili.

"Yanatokea," alisema yule mwenye mkasi. "Nani ataangalia mgongoni?"

Iskra alisoma kipimo kwenye lebo. Mama alivaa hamsini na nne. Gauni lilikuwa arobaini na nne. Hilo si kosa la mtu aliyesahau miwani. Akaikata lebo, akaitia mfukoni.

Alisubiri mpaka kumbukumbu ya siku ya tisa, wageni walipoondoka na wao wawili wakabaki jikoni kwa mama wakiosha vyombo.

"Gala, nani alipeleka picha kwa mpiga chapa?"

"Si wewe? Mzee Stamen alinipigia simu kwamba ziko tayari, nikaenda kuzichukua."

"Mimi sikupeleka."

"Basi alipeleka malaika Gabrieli."

"Na gauni? Lilitoka dukani kwako?"

Galina alifunga bomba. "Dada, unanisoma kama mita. Sema unachotaka kusema."

"Nataka kujua nani alimwonea mama aibu."

"Ahaa. Na mimi nimekaa siku tisa nzima nikijiuliza hivyohivyo, nikijua jibu ni wewe." Galina aliweka sahani chini polepole mno. "Nani alikuwa akimwondolea mkate mbele ya wageni? Mwaka mpya ulimnyang'anya kipande mkononi, watu wanatazama."

"Ilikuwa presha."

"Presha! Kila mara presha. Sikiliza. Arobaini ikifika, wewe chemsha ngano yako, mimi nitachemsha yangu. Kaburi lina pande mbili."

Aliondoka bila kuchukua koti lake.

Iskra alikaa. Sufuria mbili za ngano, ile ngano tamu wanayogawiwa watu kumkumbuka marehemu, kwenye kaburi moja. Jambo hilo katika mji ule husemwa hata baada ya waliohusika kuzikwa. Baba yao alikuwa amekufa zamani, na ndugu mwingine hawakuwa naye. Ngano zikigawanyika, basi hapakuwa na familia tena, palikuwa na watu wawili wanaopishana njiani.

Lakini alimshuku. Hakuweza kujizuia. Jioni aliwasha televisheni ya mama, ikafunguka kwenye stesheni ileile aliyoiacha. Wanawake walikuwa wakiingia kwa mlango mmoja wanene, na baada ya matangazo wakitokea kwa mlango mwingine wembamba, wanalia, watu wanawapigia makofi. Iskra alikaa kwenye kiti cha mama, kiti kilichobonyea katikati, akatazama mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyetokea mlango wa pili akiwa vilevile na akapigiwa makofi.

Siku ya thelathini na tano alikwenda kuagiza tanzia mpya za kubandikwa arobaini. Mzee Stamen, mpiga chapa, alikuwa peke yake dukani, miwani juu ya paji la uso.

"Picha ileile?" aliuliza.

"Kwanza niambie ilitoka wapi."

Mzee Stamen akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Ya nini kuchimba, mwanangu."

"Galina aliileta?"

"Hapana."

"Usimfichie, Mzee Stamen."

"Namfichia mwingine. Niliapishwa." Akatazama mlango. "Donka aliileta mwenyewe. Mwezi wa tatu, yu mzima kabisa. Alikuja na mkate wa jibini, sinia zima, bado wa moto. Nikala mimi. Yeye hakugusa hata chembe."

Iskra alishika ukingo wa meza. Mzee Stamen akageuza kompyuta upande wake. Picha zilikuwa tano, zimepangwa mstari.

"Hii ya kwanza ndiyo yeye. Ya pili nikampunguza kidogo hapa na hapa. Akasema, 'Endelea, Stamen, usione huruma.' Ya tatu. Ya nne. Ya tano akacheka mpaka akashika kiti: 'Huyu nani? Huyu hahitaji tanzia, aende kwenye televisheni.' Tukarudi kwenye ya tatu."

"Na wewe ukakubali?"

"Nilimwambia, 'Donka, mji mzima unakujua.' Akanijibu, 'Gauni nimeshanunua, la mwili huo. Nikiwahi, vizuri. Nisipowahi, angalau picha iwe imewahi.'" Akashusha miwani, akaifuta. "Akasema karatasi hukaa langoni mwaka mzima, na hataki mtu apite asome aseme, 'Huyu alikula.'"

"Nani alimwambia hivyo? Alitaja jina?"

"Sikuuliza."

"Mzee Stamen."

"Sikuuliza, mwanangu, na hakusema."

Iskra alimtazama kwa muda. Miaka yote alikuwa akiwajua watu walioficha maji, namna wanavyosema haraka. Huyu hakusema haraka. Akatoa simu.

Galina alifika baada ya robo saa, akasimama mlangoni na mkoba kifuani. "Haya, mmekubaliana nini nyinyi wawili?"

"Njoo uone."

Mzee Stamen alieleza upya, sinia, gauni na yote. Galina alisikiliza bila kukaa. Mwishoni alinyoosha kidole akagusa kioo kwenye picha ya kwanza, pale penye kidevu.

"Chapisha hii."

"Yeye alichagua ya tatu," alisema Iskra.

"Alichagua kwa sababu kuna mtu—" Galina akakoma.

Iskra alingoja amalizie. Mkate wa mwaka mpya ulikuwa pale kati yao, na picha za simuni zilikuwa pale, na kila mmoja aliweza kuokota cha mwenzake akarusha. Galina akauhamishia mkoba begani. Iskra naye alikuwa na lebo mfukoni; akaiacha humo.

"Amueni," alisema Mzee Stamen. "Nafunga saa sita."

"Langoni iwe yake, aliyoitaka," Iskra alisema. "Kaburini, pale msalabani, tuweke ya kwanza."

"Atatutokea ndotoni, atatutukana."

"Na aje. Nimemkumbuka."

Galina akacheka kwa pua, cheko fupi la mtu asiyetaka kuonekana amekubali. "Ngano nani anachemsha?" aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Wewe. Yangu huwa inashikana."

"Yako huwa kama gundi. Ungebandikia tanzia."

Arobaini ilipofika palikuwa na sufuria moja. Galina aliipamba kwa sukari ya unga na lozi, wakamwaga divai kaburini, wakawagawia watu vijiko, na Bi Rada akaikodolea macho picha ya msalabani, akataka kusema neno, akaona uso wa Iskra, akala.

Watu walipoanza kutawanyika, Galina alijipakulia kijiko kimoja kwenye kikombe cha karatasi. Kidogo sana, Iskra aliona. Akaona pia jinsi alivyokitafuna taratibu, na jinsi mkono wa pili ulivyopita tumboni juu ya gauni jeusi, kama anayelinyoosha.

"Unanihesabia?" Galina aliuliza bila kugeuka.

"Hapana."

"Unanihesabia, dada."

"Ongeza basi, nione aibu."

Galina alikitazama kikombe, kisha sufuria, kisha barabara ambako wageni walikuwa bado wanaonekana. Alingoja mpaka wa mwisho wao alipokata kona. Ndipo akaongeza.